Mbwa mgeni mtaani Goma: historia ya mbwa wa Kongo na namna mbwa wanavyozoeana

Katika mitaa ya Goma jambo hili huonekana mara nyingi asubuhi, kabla motari hawajajaa barabarani. Mtu anapita na mbwa aliyefungwa kamba shingoni. Mbwa ni mgeni: ametoka Masisi au Rutshuru pamoja na jamaa iliyohama, au amechukuliwa kwa rafiki ili alinde parsela. Mbele ya mlango wa kwanza wanatoka mbwa wawili wa mtaa. Mwenye mbwa anaivuta kamba kwa nguvu. Mbwa wake anakazana, manyoya ya mgongo yanasimama. Watoto wanaokota mawe ya volkano, na Goma mawe hayo hayakosekani. Dakika moja baadaye kuna kelele, kuna damu sikioni, na mama mmoja mlangoni anasema kwa sauti kwamba wageni wamewaletea matatizo.

Kwa jamaa iliyopokelewa nyumbani kwa wengine, maneno kama hayo si madogo. Ugomvi wa mbwa hugeuka upesi kuwa ugomvi wa watu. Na mbwa aliyechokozwa akimuuma mtoto, jambo linaweza kuishia hospitalini, au vibaya zaidi makaburini, maana kichaa cha mbwa bado kinaua watu Kongo.

Wengine watasema kumzoesha mbwa na mbwa wenzake ni kazi ya Wazungu wasiokuwa na shida nyingine. Lakini jambo hili lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo inamhusu mbwa wa Kongo mwenyewe.

Mbwa aliyepewa jina la tusi

Katika misitu ya Kongo kuna mbwa mdogo anayejulikana tangu zamani. Manyoya yake ni mafupi, mara nyingi ya rangi nyekundu na nyeupe. Masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, na paji la uso lina mikunjo kama mtu anayewaza deni. Habweki kama mbwa wengine. Akitaka kusema hutoa sauti inayopanda na kushuka, kama mtu anayeimba kwa mbali.

Wawindaji walimpenda kwa kazi. Wambuti wa Ituri huwinda kwa nyavu: watu wanatandaza nyavu kwa mstari, wengine wanawasukuma wanyama kuelekea huko, na mbwa anaingia vichakani kuwatoa. Kwa kuwa hana kelele, wanamfunga kengele ya mbao shingoni ili wajue yuko wapi. Mwaka 1870, Mjerumani Georg Schweinfurth alifika katika nchi ya Wazande, kaskazini mwa Kongo ya leo, na aliandika juu ya mbwa wadogo wa namna hiyo, na kengele zao za mbao.

Mbwa wa kijijini hakuhitaji mtu wa kumtambulisha kwa wenzake. Alizaliwa kati ya mbwa wengine, alicheza nao tangu mdogo, alipigwa na wakubwa akajua mipaka. Hakuwa na kamba wala ukuta. Mbwa asiyemtaka alimzunguka kwa mbali, na barabara ilikuwa pana kwa wote. Shida ilianza pale mbwa huyo alipotolewa kwao akapelekwa ghafla katikati ya mbwa asiowajua.

Mwaka 1895 mbwa wawili wa namna hiyo walionyeshwa London, katika maonyesho makubwa ya mbwa yanayoitwa Crufts. Watu waliwashangaa, lakini muda mfupi baadaye wote wawili walikufa kwa ugonjwa wa distempa. Mwaka 1923 Mwingereza Lady Helen Nutting alitoka Sudan na mbwa sita wa aina hiyo. Walifika Uingereza, wakawekwa karantini, wakapewa chanjo ya wakati ule dhidi ya distempa. Wote sita walikufa.

Aliyefaulu ni mama mwingine Mwingereza, Olivia Burn, aliyeishi Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1937 aliwaonyesha mbwa wake Crufts na watu walijazana kuwatazama. Aliwapa jina la basenji, na ndilo jina ambalo dunia nzima inalitumia mpaka leo. Msomaji wa Goma hahitaji kuelezwa maana yake. Ni neno la Lingala, ndugu ya mshenzi wa Kiswahili: mtu wa porini, asiyestaarabika. Mtu akiitwa hivyo katika soko la Birere, ugomvi unaanza hapo hapo. Lakini katika maonyesho ya Ulaya na Marekani tusi hilo limekuwa jina la heshima, na watu wanalipa pesa nyingi kumpata mbwa huyo.

Mwaka huohuo wa 1937 wengine walipelekwa Marekani. Nao walikufa kwa distempa, isipokuwa dume mmoja aliyeitwa Bois. Mwaka 1941 meli yenye shehena kutoka Afrika ya Magharibi ilifika Boston, na ndani yake, katikati ya mizigo, kulikuwa na jike mmoja wa basenji aliyekonda vibaya. Alipewa jina la Congo. Mfugaji mmoja, Alexander Phemister, aliwachukua Congo na Bois, na watoto wao ndio walikuwa basenji wa kwanza kuzaliwa na kukua Marekani.

Katika habari hizi zote hakuna mbwa aliyeuawa kwa meno. Waliuawa na kukutana: pua kwa pua, mate, pumzi, chombo cha maji kilicholambwa na mwingine. Mwaka 1905 mganga wa wanyama Mfaransa, Henri Carré, alionyesha kwamba distempa inaletwa na virusi, ndiyo sababu wenye kujua Kifaransa wanauita ugonjwa wa Carré. Mbwa wa Ulaya waliishi nao kwa vizazi vingi. Mbwa aliyetoka msituni Kongo hakuwa na kinga hata kidogo.

Simba wa Serengeti

Ugonjwa huohuo umepita pia Afrika ya Mashariki. Mwaka 1994, katika hifadhi ya Serengeti nchini Tanzania, simba walianza kutetemeka, kuanguka na kufa. Katika muda mfupi karibu simba 1,000 walikufa, yaani kama mmoja kati ya kila watatu. Watafiti walikuta ni distempa, na wakaifuata nyuma mpaka kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Baadaye miradi ya kuwachanja mbwa wa vijiji hivyo ilianzishwa, kwa faida ya wanyama wa porini na ya watu pia, kwa sababu walichanjwa vilevile dhidi ya kichaa cha mbwa.

Kwa hiyo mtu anayeuliza afanye nini kwanza kabla ya kumtoa mbwa wake mgeni barabarani, historia inamjibu: chanjo. Inatangulia kamba, na inatangulia mafunzo yote.

Mkimbizi wa namna nyingine

Elimu nyingi ya kuwakutanisha mbwa njiani imetoka kwa mbwa asiyefanana na wa Goma hata kidogo. Ni grehaundi, ambaye Wafaransa wanamhesabu kati ya mbwa wanaoitwa lévrier: mwembamba, kifua kirefu, miguu kama ya swala. Hakuna mbwa anayemzidi mbio. Anafika karibu kilomita 70 kwa saa, mwendo ambao motari wa Goma hawezi kuufikia katika barabara ya mawe.

Tangu zamani alikuwa mbwa wa kuwinda kwa macho. Hanusi njia kama mbwa wengine. Anaona kitu kinakimbia, naye anakimbia. Mwaka 1919 Mmarekani Owen Patrick Smith alifungua uwanja California ambamo mbwa hao walifukuza sungura wa bandia anayeendeshwa kwa mashine, na watu wakaweka pesa za kamari. Mwaka 1926 mchezo huo ulifika Manchester, Uingereza, katika uwanja wa Belle Vue. Kwa miaka mingi ulijaza viwanja.

Mbwa wa mbio hufanya kazi miaka michache tu. Akifika umri wa miaka minne au mitano, au akivunjika mguu, hana tena faida kwa mwenyewe. Wengi waliuawa. Watu walipoanza kulaumu, mashirika ya kuwatafutia nyumba yalizaliwa. Lile la Uingereza lilianza mwaka 1975. Huko Florida, Marekani, wananchi walipiga kura mwaka 2018 kuukomesha mchezo, na viwanja vyao vilifungwa mwisho wa mwaka 2020. Maelfu ya mbwa walitoka viwanjani wakaingia katika nyumba za watu.

Hapo ndipo watu walipogundua jambo. Grehaundi wa uwanjani amelelewa na grehaundi wenzake tu. Hajawahi kuona mbwa mwenye miguu mifupi, wala mwenye manyoya marefu, wala mwenye masikio ya kuanguka. Siku ya kwanza barabarani, mbwa mdogo akipita mbio, grehaundi hamwoni kama mwenzake. Anaona sungura. Mwingine huogopa mpaka anaganda katikati ya njia, hataki kwenda mbele wala kurudi. Kwa Kiswahili, mkimbizi ni mtu aliyekimbia kwao. Mbwa huyu amekimbia maisha yake yote, halafu siku moja anajikuta katika nchi ya mbwa asiowajua.

Waliowapokea mbwa hao walijifunza polepole mambo ambayo leo wakufunzi wengi wanakubaliana nayo. La kwanza ni umbali. Mbwa mgeni anaanza kuwaona wengine kwa mbali, pale anapoweza kuwatazama bila kukaza mwili, na umbali unapunguzwa siku baada ya siku. La pili ni kutembea sambamba. Mbwa wawili hawapelekwi uso kwa uso, maana kwa mbwa kuja moja kwa moja huku ukikaza macho ni ugomvi. Watu wawili wanatembea upande mmoja na mbwa wao, kila mmoja ukingo wake wa barabara, mpaka mbwa wanachoka kushangaana. La tatu ni kulegeza kamba. Kamba ikikazwa, mbwa anajua mwenye kumshika ana hofu, na anatafuta sababu ya hofu hiyo kwa mbwa aliye mbele yake. La nne ni kuwa na haraka ya kuondoka: wakinusana sekunde chache nyuma na ubavuni inatosha, kisha kila mmoja aende zake kabla mambo hayajaharibika. Na kwa muda wa mazoezi, grehaundi wengi huvalishwa kifunga mdomo, kile cha kumwacha ahame na kunywa lakini asiweze kuuma.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji pesa nyingi. Linahitaji mtu mwenye subira. Na subira kwa mbwa, katika Kivu, imekuwa ngumu kwa sababu zinazoeleweka.

Hofu ya watu

Watu wengi wa Kivu hawakukua wakimshika mbwa kichwani. Kijijini mbwa alikuwa wa kuwinda, wa kulinda ng'ombe, wa kufukuza nyani na nguruwe wa porini mashambani. Alikula mabaki, alilala nje. Mjini, wakati wa ukoloni, mbwa mkubwa nyuma ya ukuta alikuwa mbwa wa mzungu, na kazi yake ilikuwa kumzuia Mwafrika mlangoni. Mpaka leo katika nyumba kubwa za Himbi na za kando ya ziwa, mbwa ni onyo kabla ya kuwa mnyama.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mwezi wa saba, katika siku chache, watu karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda na kuingia Goma na kandokando yake, Kibumba, Katale, Mugunga. Kipindupindu na magonjwa mengine yaliua karibu watu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Ng'ambo ya mpaka, baada ya mauaji ya kimbari, mbwa waliobaki bila wenyewe walikuwa wamekula maiti, na askari waliwapiga risasi. Wageni waliofika Rwanda miaka ile walishangaa usiku kutosikia mbwa hata mmoja. Mtu aliyeona mambo hayo akiwa mtoto, leo akiwa baba au mama, hatupi jiwe kwa ubaya wa moyo. Anamtupia mbwa jiwe kwa sababu ya yale aliyoyaona.

Hofu hiyo haifutwi kwa kuambiwa kwamba mbwa ni rafiki wa binadamu. Ikipungua, inapungua kwa kuona mbwa akifanya kazi nzuri mbele ya macho. Jambo hilo limetokea si mbali na Goma.

Mbwa wa Saint-Hubert pale Rumangabo

Hifadhi ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert, na makao yake makuu yako Rumangabo, kwenye barabara ya Rutshuru, kaskazini mwa Goma. Zaidi ya walinzi 200 wameuawa wakiitetea katika historia yake. Mwaka 2011 hifadhi ilianzisha kikosi kipya, kinachojulikana kwa jina la Congohounds. Silaha yake ilikuwa pua.

Mbwa waliochaguliwa kwanza walikuwa wa aina ya Saint-Hubert, ambao Waingereza wanawaita bloodhound. Jina lao la Kifaransa linatoka katika nyumba ya watawa wa Saint-Hubert, katika milima ya Ardennes, Ubelgiji, ambako mbwa hao walifugwa katika karne za kale. Ni kinyume cha grehaundi: masikio marefu yanayoburuta, ngozi iliyolegea, mwendo wa taratibu, na pua inayoweza kufuata njia ya mtu hata baada ya muda mrefu. Aliyesimamia mafunzo ni Marlene Zähner, mganga wa wanyama kutoka Uswisi. Baadaye waliongezwa mbwa wadogo wa aina ya spanieli, kwa kutafuta pembe za ndovu na silaha zilizofichwa.

Hapa tena kulikuwa na wageni pande zote mbili. Mbwa aliyezaliwa Ulaya alifika katika joto, kupe na harufu asizozijua. Walinzi walioelewana vizuri na bunduki walipaswa sasa kujifunza kumlisha mbwa, kumwosha, kumchana, kumkagua masikio, kumsifu kwa sauti laini mbele ya wenzao. Na kila njia ya doria inayopita karibu na kijiji ina mbwa wake wa kijiji, ambao hawajali kama mgeni ana cheo. Mbwa wa kufuata nyayo anayegeuka kupigana na mbwa wa kijijini amepoteza njia, na jangili ameshatoweka. Kwa hiyo kwa mbwa wa kazi kama hawa, kupita kando ya mbwa mwingine bila kumjali si adabu tu. Ndiyo kazi yenyewe.

Mwezi wa tatu 2012 kikosi kilijaribiwa. Ndege ya hifadhi iliona ndovu aliyeuawa, pembe zake zimekatwa. Mbwa walipelekwa pale, wakashika harufu, wakaifuata karibu kilomita 7 mpaka katika kijiji cha wavuvi. Siku chache baadaye doria ilikutana na watu walioshukiwa katika eneo lile, risasi zikapigwa, watu wale wakakimbia na kuacha silaha zao. Mbwa waliletwa kutoka mbali, wakazoeshwa polepole na watu, na katika mwaka mmoja walifanya lile lililowashinda wengi.

Kwa wengi waliosikia habari hiyo, huo ulikuwa mara ya kwanza kumfikiria mbwa kama mwenzake wa kazi wa mtu mwenye sare, anayelindwa na kulishwa ili awasaidie wengine.

Kutoka historia mpaka barabara ya mawe

Mtu wa Goma hana sungura wa mashine wala ndege ya hifadhi. Ana mbwa mmoja, kamba ya nailoni, na mtaa wenye mbwa wasiofungwa. Lakini yaliyowapata basenji wa London, grehaundi wa Manchester na mbwa wa Rumangabo yanaweza kufupishwa kwa namna inayofaa hapa.

Kwanza, mbwa mgeni asitolewe siku anapofika. Akae siku kadhaa ndani ya parsela, ale, alale, ajue harufu ya watu wake. Katika siku hizo atafutiwe veterineri na chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa.

Pili, atolewe saa za utulivu. Asubuhi na mapema kuna nafasi. Saa za watoto kwenda shuleni, na karibu na bucha au jalala la soko, si mahali pa kujifunzia, kwa sababu mbwa wa mtaa wanalinda chakula hapo.

Tatu, aanze na mbwa mmoja, yule mtulivu wa jirani anayekubali. Wenye mbwa wasalimiane wao kwanza. Kisha watembee upande mmoja, barabara ikiwa katikati yao. Kesho tena, na keshokutwa, kwa umbali mdogo zaidi. Mbwa anayezoeana na mmoja anapata mlango kwa wengine, kama vile mgeni anayesindikizwa na mwenyeji anavyopita mtaani bila kuulizwa.

Nne, wakitokea mbwa wasiofungwa, mwenye mbwa asikimbie. Mbwa hufukuza kinachokimbia. Avuke njia kwa kuzunguka, awape mgongo nusu, kamba ikilegea, akiongea na mbwa wake kwa sauti ya kawaida. Mbwa mwenye mwili laini, anayenusa chini au kutazama pembeni, anaomba amani. Mbwa aliyekakamaa, mkia juu, mdomo umefungwa, macho hayaondoki, huyo aachwe apite mbali.

Tano, mawe. Jiwe moja linaweza kuharibu kazi ya wiki mbili. Mbwa aliyepigwa jiwe kila anapomwona mwenzake hujifunza kwamba mwenzake ndiye analeta jiwe. Watoto wakielezwa hivyo, wengi wanaelewa haraka kuliko wakubwa.

Na mtu akiumwa, hata kama kidonda ni kidogo, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kuulizia chanjo. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu karibu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliumwa na mbwa. Dalili zikishaanza, dawa haisaidii tena. Lakini chanjo inayotolewa mapema inaokoa, na hilo linajulikana tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mjini Paris. Wataalamu wanasema pia kwamba mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa mahali, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

Waliobaki nyuma

Usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ilipasuka. Siku tano baadaye viongozi waliamuru sehemu kubwa ya mji ihamishwe, na mamia ya maelfu ya watu walichukua njia ya Sake, ya Rutshuru, ya ziwa na ya Rwanda. Watu walibeba watoto, magodoro, masufuria. Mbwa hana nafasi juu ya motari yenye watu wanne, wala katika mtumbwi uliojaa. Aliyeweza alifuata kwa miguu, na asiyeweza alibaki akilinda mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 2002, lava ilipoingia katikati ya mji, na ndivyo imekuwa katika kila kukimbia vita tangu hapo, kutoka vijiji vya Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Watu wanapohesabiwa katika kambi, mbwa hahesabiwi. Kambi zilipoondolewa mwanzoni mwa 2025 na watu kuambiwa warudi, mbwa waliozaliwa kati ya mahema nao walibaki bila anwani. Wengi wa mbwa wanaoitwa wa mtaa, wale wanaotoka kumbwekea mgeni, walikuwa na wenyewe zamani, au mama zao walikuwa nao.

Labda ni vizuri kulikumbuka hilo siku mbwa mgeni anapopita. Wale wawili wanaotoka mlangoni na yule aliyefungwa kamba wanaweza kuwa wametoka kijiji kimoja. Mama aliye mlangoni na mgeni anayeshika kamba nao pia. Wakisalimiana kwanza wao, mbwa watapata muda wa kunusana.